Rubani kuacha shirika kongwe na kwenda shirika jipya la nauli nafuu: ni akili au ni uchu wa ukapteni?

#1 Kishada
Wakuu, habari. Mdogo wangu ni rubani msaidizi kwenye shirika kongwe, huu mwaka wa sita, anarusha Airbus A320. Kuna shirika jipya la nauli nafuu limemtafuta. Hilo shirika lenyewe halijapokea hata ndege ya kwanza. Mshahara wanaomtajia ni pungufu kama robo ya anaoupata sasa, ila wanamwambia ndani ya miaka miwili atakuwa kapteni. Alipo sasa, kwa hesabu zake mwenyewe, ukapteni ni baada ya miaka minane mingine, tena wazee wakistaafu kwa wakati.

Mimi naona anapotea. Tiketi ya bei chee maana yake rubani wa bei chee. Ukiuza kiti kwa bei ya kutupa, mshahara wa rubani utatoka wapi? Yeye anasema sijui biashara. Haya, nielewesheni, au nisaidieni kumshika miguu.

#2 Chekibobu
Kumshika miguu rubani? Atapaa na wewe. Nimekaa hapa nasubiri wenye akili zao.

#3 Mpiga_Hesabu
Kishada, hapo kwenye tiketi chee kuzaa rubani chee ndipo wengi wanapoteleza. Tufanye hesabu, namba nazitunga mwenyewe ili twende sawa. A320 ya viti 180 imejaa asilimia 85, yaani abiria 153. Safari ya saa mbili. Kapteni dola 150 kwa saa, msaidizi 90. Wote wawili kwa safari nzima ni dola 480. Gawa kwa abiria 153: dola tatu na senti kidogo kwa kichwa.

Sasa wakate mishahara nusu. Umeokoa dola moja na nusu kwa tiketi. Hiyo haijazi ndege. Nauli nafuu inatoka kwingine: ndege kuruka saa nyingi zaidi kwa siku, viti kubananishwa, kutumia aina moja ya ndege, kukaa chini dakika 25 badala ya saa nzima, begi kulipiwa kivyake.

#4 Fundi_Injini
"Kukaa chini dakika 25." Mnaandika kirahisi kweli. Hizo dakika 25 kuna mtu anakimbia huku chini na tochi mdomoni, na huyo mtu hamjamtaja kwenye dola zenu tatu.

#5 Mpiga_Hesabu
Uzi ni wa marubani, fundi. Fungua wako.

#6 Kiti_cha_Kushoto
Nimestaafu, muda ninao, kwa hiyo nitaandika ndefu. Asiyependa aruke.

Kwanza tukubaliane rubani analipwaje, maana hapo mtoaji wa kazi anaweza kukutajia namba nzuri na wewe ukadhani umeelewa. Mashirika mengi, hasa Marekani, hulipa kwa saa, na saa inaanza kuhesabiwa ndege inapoanza kusukumwa kutoka getini, inaisha breki zikifungwa mwisho wa safari. Kusoma hali ya hewa, kuizunguka ndege kuikagua, kukaa uwanjani saa tatu kusubiri ndege inayofuata: hizo huwa hazimo. Unaweza kuwa kazini saa kumi na mbili ukalipwa sita. Juu ya hapo kuna posho ya safari, na kuna kima cha chini cha saa kwa mwezi ambacho utalipwa hata usiporuka.

Sasa shirika linalosubiri ndege zake litakupa hicho kima cha chini tu, kwa sababu hakuna cha kurusha. Kinyume chake, zikifika, litakurusha mpaka ukutane na sheria. Ulaya mwisho ni saa 900 kwa mwaka wa kalenda, Marekani saa 1,000 kwa siku 365. Kwa hiyo Kishada, muulize mdogo wako: hiyo robo pungufu ni ya bei ya saa, ya kima cha chini, au ya mwaka mzima? Ni vitu vitatu tofauti. Nimeona mtu wa saa rahisi akimpita mwenye saa ghali mwisho wa mwaka, kwa kuruka tu.

Pili, ukongwe. Kwenye mashirika mengi ukiajiriwa unapewa namba, na namba hiyo ndiyo maisha yako. Ndege utakayorusha, likizo yako, zamu zako, siku ya kuwa kapteni, na nani wa kwanza kupunguzwa kazi, vyote vinafuata namba. Kibaya ni kwamba namba haihami. Nahodha wa meli akihama anahama na cheo. Rubani mwenye miaka ishirini akihama anaanza mkiani, nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita. Ndiyo maana watu hung'ang'ania shirika baya kama ndoa mbaya.

Shirika jipya ndipo mahali pekee ambapo namba ndogo zinagawiwa bure. Mdogo wako hafuati mshahara. Anafuata namba.

#7 Kishada
Asante mzee wangu, sikuwahi kuelezwa hivyo. Lakini namba 12 kwenye shirika lililokufa ni namba 12 ya nini?

#8 Chekibobu
😂😂 Uzi ufungwe, dada kamaliza.

#9 Kiti_cha_Kushoto
Ni swali zuri, na nalijibu kwa mwili wangu. Nilikwenda shirika jipya nikiwa na miaka thelathini na kitu. Sitalitaja. Ukapteni niliupata baada ya miezi kumi na tisa. Mwaka wa tatu, asubuhi moja, muuza mafuta akataka hela mkononi kabla ya kufungua bomba. Nikamwangalia msaidizi wangu, naye akaniangalia. Wiki mbili baadaye tulikuwa nyumbani, na mshahara wa mwezi wa mwisho mpaka leo sijauona.

Lakini niliondoka na saa zaidi ya 1,000 nikiwa kapteni kwenye ndege ya jeti. Shirika lililonichukua baadaye halikuuliza nilikuwa nalipwa ngapi. Liliuliza hizo saa.

#10 Historia_Hai
Naongeza mifano, maana tunazungumza kama jambo hili limeanza jana.

People Express ilianza kuruka Aprili 1981 kutoka Newark, miaka michache baada ya Marekani kufungulia soko la anga kwa sheria ya mwaka 1978. Kila mfanyakazi alitakiwa kununua hisa za kampuni. Marubani hawakuitwa marubani, waliitwa mameneja wa safari, na siku wasiporuka walifanya kazi za ofisini. Mishahara ilikuwa chini kuliko ya wakubwa. Hisa zilipanda, watu wakajiona matajiri kwenye karatasi. Ilipofika 1986 kampuni ikauzwa kwa Texas Air ikiwa hoi, na mwanzoni mwa 1987 jina likamezwa ndani ya shirika kubwa la Continental.

Skybus ndiyo fupi zaidi. Ilianza Mei 2007 kule Columbus, Ohio, na kila safari iliuza angalau viti kumi kwa dola kumi. Aprili 2008 ikafa. Hata mwaka haukutimia.

Na Southwest ni ushahidi wa tatu: tangu 1971 inalipa marubani kidogo ndiyo maana inauza tiketi rahisi.

#11 Kiti_cha_Kushoto
Mbili za mwanzo sawa. Ya tatu, hapana. Southwest kweli ilianza kwa kubana, lakini baada ya 2001 mashirika makubwa ya Marekani yalipoingia mahakama za ufilisi na kukata mishahara, marubani wa Southwest ndio waliokuja kuwa kati ya wanaolipwa vizuri zaidi kwa ndege za saizi ile. Nauli nafuu, rubani ghali. Na kwa miaka 47 mfululizo, hadi 2019, kampuni haikupata hasara ya mwaka.

Nahodha aliyesimama mbele ya Bunge la Marekani Februari 2009 kulalamika kwamba mshahara umekatwa asilimia 40 na pensheni imefutwa hakuwa wa shirika la bei chee. Alikuwa Sullenberger wa US Airways, wiki chache baada ya kuitua ndege yake ya abiria juu ya maji ya mto Hudson, New York.

#12 Historia_Hai
Nimekubali kusahihishwa. Ila basi nifae kwa hili: mwaka 1972 Southwest ilikuwa na Boeing 737 nne, ikabanwa na hela, ikauza moja. Badala ya kupunguza safari ikaamua zile tatu zifanye kazi ya nne, kwa kugeuza ndege uwanjani ndani ya dakika kumi. Mshahara wa rubani haukuguswa kwenye ule ujanja. Kilichoguswa ni muda.

#13 Fundi_Injini
Dakika KUMI. Na nyie mnaogopa 25. Hata hivyo ningependa kumjua fundi wa zamu ile, nimpe pole.

#14 Tiara
Mimi ni rubani msaidizi, mwaka wa nne. Hapa naona wazee wanaongelea mshahara na ukongwe, lakini kwa kizazi chetu swali la kwanza si "utalipwa ngapi". Ni "utalipa ngapi".

Nilimaliza chuo nikiwa na leseni na saa kama 200 za kuruka. Cheti cha aina ya ndege, yaani mafunzo ya simuleta ya kuruhusiwa kurusha ndege fulani, nilijilipia. Kisha shirika moja changa likanipa "nafasi": nilipie na saa 300 za mafunzo kwenye safari zenye abiria. Mwelewe vizuri. Abiria wamelipa nauli, shirika limepokea, na mimi niliyekaa kiti cha kulia nimelipa pia. Chekibobu nakuona unataka kucheka.

#15 Chekibobu
Sicheki dada. Nilikuwa naandika tu kwamba wewe ulikuwa abiria wa daraja la kwanza kabisa, kiti cha mbele, dirisha kubwa. Nimefuta.

#16 Tiara
Hujafuta.

Kwa Kishada: mwambie asome kifungu cha dhamana ya mafunzo. Mashirika changa mengi husema "tutakufundisha bure", halafu kwenye mkataba imeandikwa ukiondoka kabla ya miaka mitatu unarudisha gharama. Kifungu kinasema ukiondoka. Je, wao wakikuondoa? Wakifilisika, mfilisi anaweza kukudai? Mimi yalinikuta: kampuni ilinisimamisha bila malipo msimu wa abiria wachache, na bado nikaambiwa nikitafuta kazi kwingine nimevunja dhamana. Nimekaa miezi minne sina mshahara na sina ruhusa.

Jingine: aangalie anaajiriwa na nani. Kuna mashirika rubani wake si wake, ni wa wakala, au ni "kampuni" ya mtu mmoja inayojikodisha. Huugui ukalipwa, hulipwi likizo.

#17 Mpiga_Hesabu
Kwenye hilo la wakala, Ryanair, lile shirika la nauli nafuu la Ireland, ndiyo iliyosemwa zaidi Ulaya. Ila mwaka 2017 Septemba walichanganya ratiba za likizo za marubani, wakafuta safari kwa maelfu, na Desemba mwaka uleule, baada ya miaka ya kukataa katakata, wakakubali kutambua vyama vya marubani. Rubani akiadimika hata asiyependa vyama anavipenda.

Kwa hiyo jibu langu kwa Kishada ni ugavi. Mshahara haufuati aina ya shirika, unafuata idadi ya watu wenye leseni siku hiyo.

#18 Kiti_cha_Kushoto
Sikatai, ila ugavi hauelezi kwa nini shirika changa hulipa pungufu kuliko kongwe mwaka uleule, soko lilelile. Mimi nasema ni chama. Shirika jipya halina mkataba wa pamoja, kila mtu anasaini peke yake chumbani. JetBlue iliruka mara ya kwanza Februari 2000, na marubani wake wakakaa na mikataba ya mtu mmoja mmoja mpaka walipopiga kura ya kujiunga na chama mwaka 2014. Miaka kumi na nne.

#19 Mpiga_Hesabu
Kuna sababu nyepesi kuliko ya chama, mzee. Mshahara wa rubani hupanda kwa miaka ya utumishi. Shirika kongwe lina watu wa mwaka wa kwanza mpaka wa thelathini. Shirika jipya, wote ni wa mwaka wa kwanza, hata kapteni mwenye mvi. Hata ukiweka jedwali moja la mishahara pande zote mbili, jipya litalipa kidogo kwa wastani. Faida hiyo ni ya umri tu. Na kadiri shirika linavyozeeka faida inayeyuka. Ukifika mwaka wa kumi na tano umekuwa kama wale uliokuja kuwaua.

#20 Msomaji_Kimya
Miaka mitatu nasoma humu sijawahi kuandika. Mnazunguka sana. Mshahara mdogo ni kwa sababu watu wanapenda kuruka. Hakuna mhasibu anayefanya uhasibu bure ili ajaze daftari. Rubani anafanya, ajaze daftari lake la saa za kuruka. Mwenye shirika analijua hilo kabla hata hajanunua kiti.

#21 Mpiga_Hesabu
Mhasibu hapa. Nathibitisha, bure sifanyi.

#22 Mwana_wa_Upepo
Mnaongea hela tu, usalama je? Mnakumbuka ile ndege ya Colgan iliyoanguka Buffalo Februari 2009, watu 50 wakafa? Rubani msaidizi alikuwa analipwa dola elfu 16 kwa mwaka. Hayo ndiyo mashirika ya nauli nafuu.

#23 Kiti_cha_Kushoto
Polepole na marehemu. Colgan haikuwa shirika la nauli nafuu. Lilikuwa shirika la safari za mikoani, likiruka kwa niaba ya Continental. Abiria alikata tiketi ya jina kubwa akapanda ndege ya jina dogo. Na ile elfu 16 kampuni yenyewe ilisahihisha baadaye ikasema ni karibu elfu 24.

Lakini kiini chako kipo. Yule binti alikuwa akiishi kwa wazazi wake Seattle na kituo chake cha kazi kilikuwa Newark, upande wa pili wa nchi. Usiku ule wa kuamkia kazini alisafiri na ndege za mizigo. Nani anapanga nyumba karibu na Newark kwa mshahara ule? Baada ya hapo Bunge lilitunga sheria mwaka 2010, na tangu 2013 msaidizi naye anatakiwa awe na saa 1,500 kwa kawaida, na kanuni za mapumziko zikabadilishwa kuanzia 2014.

#24 Mwana_wa_Upepo
Asante kwa masahihisho. Elfu 24 bado ni aibu.

#25 Historia_Hai
Na hizo saa 1,500 ndizo zilizogeuza meza. Njia ya kuingia ikawa ndefu, wazee wakastaafu mapema wakati wa korona, abiria wakarudi wote kwa mkupuo. Mwaka 2022 mashirika madogo ya mikoani Marekani yakapandisha mishahara kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea, na Machi 2023 marubani wa Delta wakapitisha mkataba wa nyongeza ya asilimia 34 kwa miaka minne.

#26 Tiara
Huku kwingine duniani msaidizi bado anaanza na saa 200. Si kila soko ni Marekani.

#27 Kiti_cha_Kushoto
Kweli kabisa, binti. Wazee tuna ugonjwa wa kudhani dunia ni njia tulizoruka.

#28 Fundi_Injini
Nirudi kwenye shirika la mdogo wake Kishada. Mnapima mshahara, mnapima chama, mnapima mapenzi. Mimi napima ndege. Ndege ni zao au za kukodi? Ngapi zimesainiwa, na zinafika lini? Kuna hifadhi ya vipuri au kuna namba ya simu ya mtu mwenye vipuri? Shirika nililowahi kufanyia kazi tulianza na ndege mbili. Moja ikapata hitilafu ya injini, tukavua kifaa kwenye ile nyingine. Tukawa na shirika la ndege moja na nusu. Marubani wakawa wengi kuliko viti, na ule ukapteni wa miaka miwili ukawa wa "tukipata ndege ya tatu". Ndege ya tatu tuliiona kwenye kalenda ya ukutani.

#29 Chekibobu
Fundi kwa mara ya kwanza umeandika bila kulalamika dakika 25. Tumefika mbali.

#30 Mpiga_Hesabu
Hoja ya fundi ni nzito kuliko zetu zote. Ukapteni hautoki kwenye ahadi, unatoka kwenye idadi ya ndege. Kanuni ya kidole gumba: ndege moja ya saizi ile ikifanya kazi kweli inahitaji jozi kama tano za marubani, ukihesabu likizo, mafunzo na magonjwa. Wakisema watafika ndege kumi mwaka wa pili, ni makapteni hamsini. Mdogo wako ni namba ngapi kwenye orodha? Kama ni 30, inawezekana. Kama ndege zitakuwa nne, asahau.

#31 Historia_Hai
Na bei ya mafuta ikipanda, msisahau. Wiki moja tu, mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Aprili 2008, Aloha, ATA na Skybus zilisimama zote. Aloha ilikuwa na zaidi ya miaka sitini. Kwa hiyo na wewe usimdanganye mdogo wako kwamba kukaa kwa wakongwe ni kukaa salama. Monarch ya Uingereza ilikuwa na karibu miaka hamsini ilipokufa Oktoba 2017.

Kwa upande wa pili, David Neeleman ameanzisha au kushiriki kuanzisha mashirika matano: Morris Air, WestJet, JetBlue, Azul na Breeze. Aliyeingia WestJet 1996 akiwa na namba ndogo sidhani kama anajuta.

#32 Msomaji_Kimya
Aliyeingia Skybus je?

#33 Historia_Hai
Ndugu, ulinyamaza miaka mitatu, ungemalizia na wa nne.

#34 Kishada
Nimerudi, na nimesoma zote. Nimempigia mdogo wangu nikamuuliza maswali ya Tiara, ya fundi na ya kina nyie. Majibu: robo pungufu ni ya kima cha chini cha saa, si ya mwaka. Dhamana ni miaka mitatu, na mkataba haujasema lolote kuhusu wao wakifunga. Ndege zote ni za kukodi, mbili zimesainiwa, nyingine sita ni "mazungumzo yanaendelea". Namba yake kwenye orodha itakuwa 19.

Nikamwambia, kwa ndege mbili makapteni ni kumi. Akanyamaza. Nikadhani nimeshinda. Halafu akaniambia, "Dada, nilipo sasa namba yangu ni 412."

#35 Mpiga_Hesabu
Ndege nne, makapteni ishirini. Namba 19 anaingia kwa mlango wa nyuma. Kila kitu kiko kwenye ndege ya tatu na ya nne.

#36 Fundi_Injini
Aangalie isiwe ya kwenye kalenda.

#37 Tiara
Kabla ya kusaini awaandikie kwa barua pepe: dhamana ifutike shirika likisimamisha safari au likimsimamisha yeye. Wakikataa kuandika mstari mmoja tu, amejibiwa. Na aulize kwenye shirika lake la sasa kama wanatoa likizo ya mwaka bila malipo, namba yake ikabaki. Wengine hutoa.

#38 Kiti_cha_Kushoto
Hilo la likizo bila malipo sikulifikiria. Enzi zetu ungefukuzwa kwa kuuliza tu. Binti kanizidi.

Mimi ningekwenda. Mke wangu amesoma juu ya bega langu hapa, anasema ningeenda tena na angebaki tena kulipa kodi ya nyumba peke yake miezi mitano. Kwa hiyo andika kura ni sare, moja ya kwenda na moja ya kubaki.

#39 Kishada
Mpe shikamoo yake. Mdogo wangu ameandika ile barua pepe, bado hawajajibu, lakini usaili ni Alhamisi na kesho anakuja kwangu. Eti nimpigie pasi shati jeupe.

#40 Chekibobu
Mlipishe kwa saa. Hesabu ianze pasi ikishapata moto, kukunjua shati ni bure.